Damu haijimwagi: Sarufi ya mauaji ya Todonyang

MWISHONI mwa Februari 2025, wavuvi wa upande wa Kenya walishambuliwa na watu wenye silaha katika Ziwa Turkana karibu na Todonyang, pale ambapo Kenya inaishia na Ethiopia inaanzia. Taarifa za siku zile zilieleza kwamba washambulizi walikuwa wa jamii ya Dassanech, ambayo Wakenya wengi huiita Merille, na kwamba wavuvi zaidi ya 20 waliuawa au hawakujulikana waliko. Zilieleza pia kwamba kabla ya shambulizi hilo Wadassanech kadhaa walikuwa wameuawa. Miaka 14 nyuma, Mei 2011, Waturkana zaidi ya 20 waliuawa kwenye mpaka huohuo.

Wa kusema kuhusu doria, mipaka na bunduki haramu wapo, na wanasema. Mimi ni mtu wa lugha. Ninachotaka tufanye leo, msomaji, ni kuzikagua sentensi tunazozitumia kuyasimulia mauaji ya aina hii, kwa maana ninashuku kuwa sentensi zenyewe zinachangia kutufanya tuyasahau upesi.

Hebu tuanze na hizi: "mapigano yalizuka", "damu ilimwagika", "watu kadhaa walipoteza maisha", "wengine hawajulikani waliko", "ni uhasama wa jadi". Sizinukuu kutoka gazeti moja wala kituo kimoja cha redio. Ni maneno ya kila mtu. Utayasikia katika hotuba za viongozi, katika mahubiri, ndani ya matatu ya kutoka Kitale kwenda Lodwar, na hata katika insha za wanafunzi wetu vyuoni. Yamezoeleka kiasi kwamba sikio haliyakatai tena.

Chukua "damu ilimwagika". Kitenzi "mwaga" kina kauli tatu zinazotuhusu hapa. Fulani alimwaga damu: hii ni kauli ya kutenda, na mtu yuko mbele ya macho yetu. Damu ilimwagwa na fulani: hii ni kauli ya kutendwa. Mtu amesukumwa nyuma ya sentensi lakini bado ameachiwa mlango, yaani ile "na", ambao anaweza kuingilia. Damu ilimwagika: hii ni kauli ya kutendeka, na hapa mlango umefungwa kabisa. Huwezi kusema "damu ilimwagika na wavamizi". Mzungumzaji yeyote mzuri wa Kiswahili atakurekebisha hapohapo. Tuna kauli hii kwa ajili ya chai iliyomwagika mezani, kamba iliyokatika, mlango uliofunguka, mambo ambayo mtendaji wake hatumjui au hatumjali. Ukimwuliza mtoto nani amevunja sahani, atakujibu, "Imevunjika." Kila mzazi anajua kwa nini mtoto amechagua kauli hiyo. Mtoto wa miaka minne anaijua sarufi ya kukwepa lawama kabla hajajua kuhesabu.

Sasa basi, watu wazima wenye shahada wanaposema kuhusu Todonyang kwamba damu ilimwagika, wanatofautianaje na yule mtoto wa sahani?

"Mapigano yalizuka" ni ndugu wa sentensi hiyo, tena ni ndugu mbaya zaidi. Kinachozuka ni ugonjwa, upepo, moto usiojulikana chanzo chake. Ndiyo maana hata pepo tukamwita mzuka. Lakini hebu tulitazame neno "mapigano" lenyewe. Limetokana na "pigana", na hiyo "-an-" ni ya kutendana: mimi nakupiga, nawe unanipiga. Mtu aliyekuwa ndani ya mashua akivuta nyavu, akapigwa risasi kutoka mashua nyingine, alipigana na nani? Ukisema "mapigano" umeshamgawia nusu ya lawama, naye hayupo kujitetea. Neno "shambulizi" lipo. "Uvamizi" upo. "Mauaji" yapo. Kiswahili hakijatunyima kitu.

Lakini linalonikera kuliko yote ni "kupoteza maisha". "Poteza" ni kitenzi cha kusababisha: potea, poteza, kama vile pendeza na pungua-punguza. Anayepoteza ndiye anayekifanya kitu kipotee. Mtu hupoteza funguo, hupoteza pesa kwenye kamari, hupoteza wakati. Katika sentensi "wavuvi walipoteza maisha" kiima ni wavuvi. Wao ndio watendaji! Yaani sarufi imemwondoa mwenye bunduki, halafu nafasi yake ikapewa marehemu, kana kwamba alikuwa mzembe akayaacha maisha yake mahali kama mtu aliyesahau mwavuli. Ninaamini usemi huu ni tafsiri sisisi ya Kiingereza iliyotujia kupitia meza za habari, na haukufika kwa sababu ya upungufu wa maneno. Tuna kufa, kufariki, kuaga dunia, kuuawa, kuchinjwa. Kila moja lina mahali pake. "Kufariki" asili yake ni kuachana, kutengana, na ni neno la heshima kwa mtu aliyekufa kitandani pake akizungukwa na wanawe. Aliyepigwa risasi hakufariki, ameuawa, na kusema hivyo si kumvunjia heshima. Kuna adabu inayomstahi aliyekufa na kuna adabu inayomstahi aliyeua, nasi tumezichanganya.

Najua nitajibiwa kwamba mwandishi wa habari hawezi kutaja muuaji asiyemjua. Kweli kabisa. Wala simtaki afanye hivyo. "Waliuawa na watu wenye silaha ambao bado hawajatambuliwa" ni sentensi ya kweli, haimsingizii mtu, na tena inaacha swali wazi: ni akina nani hao? "Walipoteza maisha" haiachi swali lolote.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo hufanywa na watu walewale, mara nyingi katika pumzi ileile. Baada ya kumficha mtendaji, ghafla wanamtaja, na wanapomtaja ni kabila zima. "Wadassanech waliua Waturkana." "Waturkana waliua Wamerille." Hapa Kiswahili kina mtego wake. Kiarabu kina "al", Kiingereza nacho kina kialami chake cha kuonyesha kwamba tunazungumzia watu fulani mahsusi. Sisi hatuna kialami hicho. Kiambishi "wa-" kinabeba watu watatu na kinabeba watu laki moja kwa urahisi uleule. Usiposema "baadhi ya", "kundi la", "vijana kadhaa wa", msomaji ndiye atakayeamua idadi, na mwenye uchungu ataamua kwamba ni wote.

Na hao "wote" ni akina nani? Wengi wa Wadassanech wanaishi Ethiopia, kwenye nyanda za chini za Mto Omo, ule unaolipatia Ziwa Turkana sehemu kubwa mno ya maji yake. Lakini kuna Wadassanech ambao ni Wakenya, wa Ileret, upande wa mashariki wa ziwa, Kaunti ya Marsabit. Watoto wao husoma Kiswahili shuleni kama watoto wa Lodwar. Tukiandika "Merille kutoka Ethiopia" kila mara, tunamnyang'anya uraia mtoto wa Ileret, ambaye pengine atakuja kuisoma sentensi hiyo maktabani.

Hapa ndipo tunapofika kwenye neno ambalo limenikosesha usingizi zaidi: kisasi. Tunasema "walilipiza kisasi", na tukishasema hivyo tunahisi kwamba tumeeleza jambo. Tutazame tumeeleza nini. "Lipiza" limetoka kwenye "lipa". Kwa hiyo mauaji tayari yameingizwa katika daftari la madeni. Waliouawa jana ni deni, watakaouawa kesho ni malipo, na kulipa deni, kama tulivyofundishwa sote, ni jambo la uungwana. Lakini ni deni la nani? Mvuvi aliyeuawa Februari 2025 alikopa lini? Aliyemuua yule Mdassanech wa kwanza ni mtu mwingine, mwenye jina lake na mama yake. Katika mahesabu ya dukani hakuna mwenye duka atakayemdai mpita njia kwa sababu tu anatoka kijiji kimoja na mkopaji. (Wapo wanaojaribu, lakini huishia kwa chifu.)

Historia ya neno lenyewe inatushtaki. Kisasi ni neno la Kiarabu, qisas, na katika fiqhi lilikuwa na masharti makali. Adhabu humwangukia muuaji mwenyewe, baada ya ushahidi, mbele ya kadhi, na jamaa wa marehemu wana hiari ya kusamehe au kupokea dia. Lengo la masharti hayo lilikuwa kukomesha desturi ya kabila kuliua kabila. Neno lilipovuka bahari na kupanda bara, hasira yake iliingia ndani lakini mahakama yake ikabaki ufukweni. Leo tunaita "kisasi" jambo lilelile ambalo qisas ilikuja kulizuia. Sina habari ya neno jingine la mkopo katika Kiswahili lililogeuka kinyume cha asili yake kwa kiwango hiki na bado likaonekana la kawaida.

Basi yule anayeficha mtendaji husema hakuna aliyeua. Anayetaja kabila husema wameua wote. Anayesema kisasi husema waliouawa walikuwa wanadaiwa. Bado mmoja, na huyu ndiye msomi, maana huja na falsafa: "Ndivyo walivyo. Ni uhasama wa jadi. Ni hulka ya binadamu."

Turkana ni mahali pa hatari kwa msomi wa namna hii, kwa kuwa ushahidi wake unaonekana kutapakaa ardhini. Huko Nataruk, kusini-magharibi mwa Ziwa Turkana, wataalamu wakiongozwa na Marta Mirazón Lahr walichimbua mabaki ya watu wasiopungua 27 walioishi takriban miaka 10,000 iliyopita. Matokeo yalichapishwa Januari 2016. Kati ya mifupa 12 iliyopatikana ikiwa karibu kamili, 10 ilionyesha dalili za kuuawa kwa nguvu: mafuvu yaliyopasuliwa, magoti yaliyovunjwa, ncha ya jiwe ndani ya fuvu. Mmoja wao alikuwa mwanamke mwenye mimba kubwa. Wapo wanasayansi waliopinga ufafanuzi huo, lakini vichwa vya habari duniani kote vilikuwa vimeshakata kauli kwamba vita viko ndani ya damu ya mwanadamu tangu zamani. Na kwa kuwa Nataruk iko Turkana, hitimisho la pili likafuata bila kusemwa: huko hasa.

Mimi nasoma mifupa ile kinyume. Tukubali kwamba waliuawa. Zile ncha za mawe hazikujichonga. Baadhi yake zilikuwa za jiwe la volkano linalong'aa kama kioo, ambalo halikuwa la kawaida eneo lile. Wachunguzi wenyewe walisema hiyo ni dalili kwamba washambulizi huenda walitoka mbali. Mtu alitafuta jiwe, akalichonga, akalifunga kwenye mti, akatembea nalo. Silika ni mtoto mchanga kunyonya, au wewe kufumba jicho mdudu akikujia usoni. Jambo linalohitaji maandalizi ya siku kadhaa ni uamuzi, na uamuzi una mwenyewe.

Kuna utafiti mwingine wa hukohuko ambao hautajwi sana mitaani, nami naona ungefaa kutajwa. Mwaka 2011 Sarah Mathew na Robert Boyd walichapisha uchunguzi wao kuhusu uvamizi wa mifugo miongoni mwa Waturkana. Waliuliza swali moja: kwa nini kijana akubali kuhatarisha uhai wake pamoja na mamia ya wengine, wengi wao wakiwa si ndugu zake, ilhali hakuna serikali inayomlazimisha? Walikuta kwamba mwoga na mtoro huadhibiwa na jamii, pamoja na kuchapwa na vijana wa rika lake. Wanazuoni hao walivutiwa na jinsi ushirikiano unavyodumishwa. Mimi nilivutiwa na fimbo. Kama kupigana kungekuwa hulka ya Mturkana, fimbo ni ya nini? Hakuna anayemchapa mtoto ili apende sukari. Fimbo ile ni shahidi kwamba kuna vijana ambao wakiachiwa wenyewe hawaendi, wanabaki na mbuzi wao, wanarudi nyumbani njiani. Hao nao ni binadamu, na wana hulka. Kwa nini tunapotafuta hulka ya binadamu hatuwahesabu watoro?

"Jadi" nayo si jibu. Jadi ni mambo tuliyopokea kwa mababu, na kupokea ni tendo. Watu wa pande zote mbili za ziwa wamepokea pia jadi ya kuuziana samaki na nafaka na ya kuketi chini ya mti kupatana. Mbona hiyo haiitwi "amani ya jadi"? Neno limegawiwa upande mmoja tu.

Watu wakiulizwa sasa nani abebe mzigo huu, hujibu kwa neno moja: "wawajibike". Serikali iwajibike, viongozi wawajibike, jamii iwajibike. Tazama hata neno hili lilivyovaa "-ik-" ileile ya damu iliyomwagika! Nchini Tanzania angalau limepata maana ya kushikika mkononi: katika Kiswahili cha siasa huko, waziri "akiwajibika" watu huelewa kwamba amejiuzulu. Mfano unaotajwa daima ni wa Ali Hassan Mwinyi, aliyejiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani katika miaka ya 1970 kwa sababu ya watu waliokufa mikononi mwa maafisa wa usalama Shinyanga na Mwanza. Yeye hakumgusa hata mmoja wao. Alijiweka tu mwenyewe kuwa kiima cha sentensi ambayo angeweza kuiacha bila kiima. Baadaye akawa Rais, kwa hiyo wanaoogopa kuwajibika eti watamalizika kisiasa wana mfano wa kuwatuliza. Kwetu Kenya neno hilo bado linaelea hewani. Nani atawajibika, kwa kufanya nini, lini? Ukiuliza utaambiwa uchunguzi unaendelea, na uchunguzi nao, kama mapigano, huendelea wenyewe.

Sasa nije kwenye neno la mwisho, "kutoweka", pamoja na jamaa yake "kupotea". Hapa si suala la mtindo tena.

Wasomaji wa Kakuma watakumbuka vijana wa Sudan waliofika huko mwaka 1992, maelfu yao, wakiwa wametembea kutoka Sudan hadi Ethiopia, kisha wakafukuzwa Ethiopia na kurudi walikotoka, kisha wakaja Kenya. Dunia iliwapa jina la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili ni "wavulana waliopotea". Lakini hawakupotea hata siku moja. Walijua walikotoka, walijua nani aliyechoma vijiji vyao, na walijua njia, ndiyo maana walifika. Bahati yao ni kwamba wengi waliishi wakalikosoa jina hilo kwa midomo yao wenyewe.

Mvuvi ambaye mwili wake haukuonekana hawezi kulikosoa jina lake. Akiandikwa "ametoweka", ametoweka. Na katika sheria ya Kenya neno hilo lina umri wake. Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi kinasema kwamba mtu asiposikika kwa miaka saba na wale ambao wangetarajiwa kupata habari zake kama angekuwa hai, atachukuliwa kuwa amekufa, isipokuwa pawe na uthibitisho wa kinyume. Kabla ya hapo, mkewe si mjane. Bila cheti cha kifo hawezi kuomba usimamizi wa mali ya mumewe, hata kama mali yenyewe ni mashua, nyavu na akiba kidogo benki. Hawezi kumzika. Hajui amkumbuke kwa kitenzi cha wakati gani: "alikuwa akipenda" au "anapenda"?

Lakini sheria ina njia nyingine, na njia hiyo hufunguliwa kwa maneno. Sheria ya utaratibu wa kesi za jinai inamruhusu hakimu kuchunguza kisa cha mtu asiyejulikana aliko ambaye inaaminika amekufa. Hilo la pili, "inaaminika amekufa", lazima mtu alitamke, na alitamke kwa sababu zinazoeleweka. Afisa wa kituo akiandika katika kitabu chake cha matukio kwamba fulani "ametoweka ziwani kufuatia mapigano yaliyozuka", hajasema lolote la kumpeleka hakimu wa Lodwar kazini. Akiandika kwamba fulani alionekana na wenzake akipigwa risasi na watu wenye silaha waliokuja kwa mashua, tarehe fulani, karibu na mahali fulani, na inaaminika ameuawa, ameandika sentensi moja yenye kiima, kitenzi na mtendaji. Kama hakuna atakayeiandika, mwanamke huyo atasubiri hadi Februari 2032.